Mpaka Hapa ni Sawa



Niliombwa nizungumze juu ya utumishi wa umma, lakini kwa ruhusa yenu nitaanza na kalamu nyekundu ya mwalimu wetu wa hesabu. Mwenyewe amestaafu, yupo hapa leo, na amekwisha nionya nisimtaje jina.

Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1994, hesabu zilinishinda mara moja. Hapakuwa na ajabu. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, na huku hesabu zile zile zimegeuka Kiingereza. Asiyeweza kusoma swali huonekana hajui hesabu. Jaribio la kwanza nilipata 11 kwa 100. Nikaanza kufikiri kurudi nyumbani kumsaidia baba shamba.

Daftari liliporudi sikuona alama ya kosa hata moja. Mwalimu alikuwa amezifuata hatua zangu moja moja, akapiga mstari pale nilipoanza kupotea, na kando yake akaandika: "Mpaka hapa ni sawa." Katika swali moja, "hapa" palikuwa pale nilipomaliza kunakili swali! Wenzangu walicheka sana. Mimi usiku ule nilianza tena kutoka kwenye ule mstari.

Tulikuwa wavulana 45 darasani. Hebu fikirini madaftari hayo yote, tena kwa taa ya chemli umeme ulipokatika. Nilipokuwa kidato cha nne nilimwuliza sababu. Akanijibu kwamba mtoto aliyeshindwa anajua tayari kuwa ameshindwa. Asichokijua ni kile anachokiweza, na kumwonyesha hicho ndiyo kazi ya mwalimu. Wala msidhani alikuwa mpole. Aliyenakili kazi ya mwenzake alilima bustani Jumamosi nzima.

Azimio la Musoma la 1974 lilikwisha agiza kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Lilikuwa shauri jema, lakini kuhesabu alama ni jambo moja, kumtazama mtoto ni jingine.

Nilitoka hapa na C ya hesabu, nikafika hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mngetegemea basi kwamba somo lilinikaa.

Miaka michache iliyopita nililetewa karani kijana wa masijala. Barua zake zilijaa makosa, na kila siku alichelewa kuleta mafaili. Kwenye fomu yake ya tathmini niliandika neno moja: "Hafai." Akahamishwa. Baadaye, nikitafuta faili la zamani, nilikuta kabatini daftari lake. Alikuwa akiyaorodhesha mafaili yote ya zamani yaliyopoteza namba, kwa mkono wake, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Ndiyo iliyokuwa ikimchelewesha. Alikuwa amefika herufi M.

Mpaka leo ofisini kwetu faili la zamani kuanzia A hadi M hupatikana kwa dakika tano. Kuanzia N, mwananchi huambiwa arudi kesho.

Nimemwandikia kijana yule mara mbili huko aliko. Hajanijibu, wala simlaumu. Nitaandika tena.