Kikundi Kisicho na Kibao

Baa mpya ikifunguliwa mtaani, hakuna anayehitaji kuelekezwa. Muziki wake husikika kabla rangi ya ukutani haijakauka, na harufu ya nyama choma humaliza kazi iliyobaki. Lakini watu wanaojinasua kutoka kwenye pombe wanaweza kukutana mtaa huohuo kila Jumanne jioni, mwaka baada ya mwaka, na jirani wa nyumba ya tatu asijue.

Si uzembe. Alcoholics Anonymous, umoja wa watu kama hao ambao wengi wanaujua kwa kifupi cha AA, umejiwekea kanuni ya kutojipigia debe. Wanachama wake hutambulishana kwa jina la kwanza tu, hawapokei misaada ya fedha kutoka nje, na kodi ya chumba pamoja na chai hutoka kwenye michango yao wenyewe. Kanuni hizo zimeukinga umoja huo na wafadhili wenye masharti na wanasiasa wenye maikrofoni. Papo hapo, zimemwachia mwenye shida mtihani mgumu: atafute kisichotaka kuonekana, tena siku ambayo yeye mwenyewe hataki kuonekana.

Hata mwanzo wa AA ulikuwa wa kutafuta. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikwama katika hoteli moja mjini Akron, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika, na alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa. Wilson akaenda upande wa simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa akiulizia mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumsikiliza kwa dakika 15. Walizungumza kwa saa kadhaa. Juni 10 mwaka huo, siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Leo njia ni fupi zaidi, kwa anayejua pa kuanzia. Nchini Kenya, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya na ulevi, NACADA, ina namba ya simu isiyolipiwa, 1192, na anayepiga anaweza kuomba ushauri na kuelekezwa kwenye huduma. Tanzania ina nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mitaani huitwa soba hausi. Nyingi zilianza kwa ajili ya watumiaji wa heroini, ila waliopitia humo mara nyingi wanajua vikao vinafanyika wapi na nani wa kumwona. Kliniki za afya ya akili hospitalini nazo ni pa kuulizia. Swali la kuuliza ni jepesi: kikao ni cha wazi, ambacho hata ndugu anaweza kuhudhuria, au ni cha wenye tatizo pekee? Sharti la kuingia AA ni moja, nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu wala ada.

Hospitali ina sababu nyingine ya kutajwa, na hili lisipuuzwe. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikata pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege la kuua. Huyo amwone daktari kwanza. Kikundi hakina dawa ya hayo, na kikao kizuri humwambia hivyo waziwazi.

Je, vikundi vinasaidia kweli? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa za Marekani, na kukuta kwamba AA na tiba zinazowaandaa wagonjwa kujiunga nao hufanya vizuri sawa na tiba nyingine, au kuzishinda, katika kumwezesha mtu kuacha kabisa. Karibu na nyumbani, Eldoret nchini Kenya, utafiti ulioitwa RAFIKI uliwachukua watu 614 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na kunywa pombe. Nusu walipangiwa vikao sita vya kila wiki, vya dakika 90, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wasio wanasaikolojia. Nusu hiyo ilipunguza unywaji zaidi kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya kwa jumla.

Katika utafiti huo wanaume na wanawake walikaa katika vikundi tofauti, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mwanamke anayekunywa hubeba aibu mara mbili; akiingia chumba chenye wanaume ishirini, huenda asirudi tena. Vivyo hivyo Mwislamu wa Mombasa akiambiwa kikao kiko kwenye ukumbi wa kanisa. Anayeelekeza aulize kwanza, na kikao cha kwanza kisipomfaa mtu, ajaribu kingine, kikiwemo cha mtandaoni.

Ndugu nao hawajaachwa. Mwaka 1951 Lois, mke wa Wilson, alishirikiana na mwenzake kuanzisha Al-Anon, vikundi vya familia na marafiki wa wanywaji. Mama anayelala macho akisikilizia geti anaweza kwenda huko wiki hii, hata kama mwanawe bado anaapa kwamba hana tatizo lolote.