Mgonjwa wa Moyo na Haki ya Kuelekezwa Kuhusu Mazoezi



Kwa miaka mingi, mtu aliyeambiwa kwamba moyo wake unashindwa kusukuma damu ipasavyo alipewa nasaha moja: apumzike. Nyumbani akaondolewa ufagio na ndoo, akawekewa kiti barazani. Nasaha hiyo ilitokana na huruma, lakini ina gharama yake. Misuli isiyotumika hudhoofika. Ikidhoofika, hata safari fupi ya kwenda msalani humwacha mgonjwa akihema, naye huzidi kuogopa kutembea.

Utafiti umebadilisha mtazamo huo. Utafiti mkubwa uitwao HF-ACTION, uliofanyika Marekani, Kanada na Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2009, ulihusisha wagonjwa 2,331. Ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa ni salama kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia, na kwamba huboresha maisha yao kwa kiasi.

Hata hivyo, matokeo ya utafiti hayamfikii mgonjwa yasipopitia kwa mtoa huduma aliyefundishwa. Asiyefundishwa husema, "Fanya mazoezi kidogo," na mgonjwa huondoka asijue kidogo ni kiasi gani. Aliyefundishwa hupima kwanza, mathalani kwa kuangalia umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika 6. Kisha huagiza mazoezi kama anavyoagiza dawa: aina yake, muda wake, na mara ngapi kwa wiki. Huuliza pia mgonjwa anaogopa nini, kwa maana hofu isiyoulizwa haipati tiba. Ndiyo sababu tunasema kwamba kuwafundisha madaktari, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia jambo hili ni sehemu ya ubora wa huduma, wala si anasa.

Nanyi mnayo nafasi yenu. Mfikapo kliniki, ulizeni:

1. Je, hali yangu inaruhusu mazoezi kwa sasa?
2. Nianze na zoezi gani, na kwa dakika ngapi?
3. Ni dalili zipi zikitokea niache?
4. Nani atanifuatilia, na lini?

Mkisharuhusiwa, kumbukeni kwamba mwendo unaofaa kuanzia ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza huku akitembea. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kuzimia, aache mara moja na atafutiwe matibabu. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au pumzi ikibana akiwa amelala, asiendelee na mazoezi kabla ya kuonana na daktari. Wala asiache dawa kwa kuwa anajihisi ana nguvu.

Kwenu mnaouguza, fuataneni na mgonjwa kliniki mkasikie maelekezo pamoja naye, ili msije mkamzuia, kwa upendo, jambo linalomfaa.