Huruma Yenye Mizani: Upishi wa Nyumbani kwa Mbwa Wazee Wenye Maradhi



1. Dibaji

Mbwa aliyelinda nyumba, shamba au zizi kwa miaka mingi huwa amekwisha kutoa nguvu zote za ujana wake kwa waliomfuga, na inapowadia siku ambayo macho yake yamefifia, viungo vimekakamaa na figo zimelegea, ndipo jamaa wa nyumba huanza kuulizana wampe kitu gani ale ili apate nafuu. Swali hilo ni la insafu, lakini aghalabu hujibiwa kwa mapenzi matupu: mgonjwa huongezewa nyama, humwagiwa mchuzi uliosalia, hutengewa maini na mifupa, na baada ya muda huonekana amezidi kudhoofika, ilhali wenyewe wanashangaa kwa kuwa hawakumnyima kitu. Rai yangu, ambayo nitaitetea katika mada hii yote, ni kwamba chakula cha mbwa mgonjwa huanzia kwenye uchunguzi wa maradhi kabla ya kufika jikoni, na kwamba huruma isiyo na mizani humdhuru yule yule iliyekusudia kumnusuru.

Kwetu mwambao, ambako mbwa hufugwa nje ya nyumba na wengi hujihadhari naye kwa ajili ya tohara zao, wako wadhanio kwamba kumhangaikia mbwa mgonjwa ni jambo la kigeni. Dhana hiyo haina msingi. Sharia imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo. Mafakihi wamebainisha kwamba kumlisha mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki. Na wengi wetu tumeisikia tangu chuoni hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo Mola akamghufiria. Kwa hiyo hatuna haja ya kutoa udhuru wowote kwa kukutana hapa kulijadili jambo hili.

2. Uzee na mahitaji yake

Mbwa wa jamii kubwa huhesabiwa mzee tangu afikapo umri wa miaka 6 au 7, na wale wadogo tangu miaka 10 hivi. Uzee peke yake si maradhi, wala haumlazimishi mbwa apunguziwe nyama. Imeenea imani kwamba kila mbwa mzee sharti anyimwe protini ili figo zake zipumzike. Lakini mbwa mzee ambaye figo zake ni nzima huhitaji protini njema na ya kutosha, maadamu misuli yake hupungua kadiri umri unavyosonga, na kumnyima ni kuuharakisha udhaifu aliokuwa nao.

Linalomfaa karibu kila mbwa mzee ni kuzuiwa unene. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, mbwa 48 wa jamii ya Labrador waliwekwa wawili wawili tangu udogoni, mmoja katika kila jozi akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenziwe. Wale waliopunguziwa waliishi umri wa kati wa miaka 13, na wenzao miaka 11.2, na maradhi ya viungo yaliwachelewa waliokuwa wembamba. Kwa mbwa mwenye magoti mabovu, kumpunguza uzito ni dawa isiyokuwa na gharama, nayo haihitaji kitu zaidi ya bakuli lililopimwa.

3. Asili ya elimu hii

Yafaa tukumbuke kwamba chakula cha tiba kwa mbwa kilizaliwa katika jiko la nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Morris Frank, kipofu Mmarekani ambaye mwaka 1929 alishiriki kuasisi chuo cha mbwa viongozi kiitwacho The Seeing Eye, alimwendea daktari wa wanyama Mark Morris wa New Jersey, kwa sababu mbwa wake aliyeitwa Buddy alikuwa akiugua figo. Daktari huyo aliamini kwamba figo zilizochoka zingeweza kupunguziwa mzigo kwa njia ya chakula, akapanga mchanganyiko wenye protini, fosforasi na chumvi kidogo, na yeye na mkewe Louise wakaupika nyumbani na kuutia katika mitungi ya kioo. Mahitaji yalipozidi, mwaka 1948 aliwafikiana na kampuni ya Hill Packing ya Topeka, katika jimbo la Kansas, ili chakula hicho kitengenezwe kiwandani.

Mazingatio ya habari hii ni kwamba hakuanza kwa kupika, halafu akatafuta mgonjwa wa kumlisha. Alitangulia kuyajua maradhi, akapima, ndipo moto ukawashwa.

4. Kasoro za chungu cha nyumbani

Tangu hapo mapishi ya nyumbani yameongezeka mno, na wako waliojitolea kuyachunguza. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kupima mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyotolewa vitabuni na katika intaneti, wakaona kwamba asilimia 95 yalipungukiwa na kirutubisho kimoja angalau kilicho cha lazima, na asilimia 83.5 yalipungukiwa na zaidi ya kimoja. Vilivyokosekana mara kwa mara ni zinki, shaba, kolini, vitamini D na vitamini E. Wengine hudhani kwamba kuyabadilisha mapishi kila juma huziba pengo, lakini haiwi hivyo, kwa sababu mapishi mengi yamepungukiwa na vitu vile vile. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kundi la watafiti wa chuo hicho lilikuwa limechunguza mapishi 67 yaliyoandikiwa mbwa na paka wenye maradhi ya figo, na hapakuwa na hata moja lililotimiza viwango vyote.

Kasoro kubwa kupita zote ni ya kalisi, yaani madini ya chokaa. Nyama tupu ina fosforasi nyingi kuliko kalisi kwa zaidi ya mara kumi, na mbwa anayelishwa nyama na wali bila ya nyongeza hulazimika kuichota kalisi katika mifupa yake mwenyewe. Na ikiwa figo nazo zimeharibika, mifupa ya taya yaweza kulainika hata meno yakalegea.

5. Kila maradhi na chakula chake

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Chakula kimoja huweza kuwa shifaa kwa kiungo kimoja na madhara kwa kingine, na kwa ajili hiyo hakuna kitu kinachostahili kuitwa kwa ujumla chakula cha mbwa mgonjwa.

Mwenye maradhi ya figo hupunguziwa kwanza fosforasi, kisha protini kwa kiasi, na chumvi. Mifupa, dagaa na maini havimfai, kwa kuwa vimejaa fosforasi. Ute wa yai humfaa kuliko kiini chake. Na wali mweupe ni mwepesi kwake kuliko mchele usiokobolewa. Mafuta ya samaki husaidia kuzihifadhi figo, na maji safi yasimkose mchana wala usiku.

Mwenye maradhi ya moyo hupunguziwa chumvi. Ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, vidonge vya mchuzi na masalio ya meza yetu vyote vimhame. Mwenye kongosho lililovimba huepushwa na mafuta: kwake tui la nazi, ngozi ya kuku na samli ni hatari, ilhali kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi chaweza kumkubali. Mwenye kisukari huhitaji utaratibu kuliko kitu chochote kingine: chakula cha namna moja, kwa kipimo kimoja, kwa nyakati zilizofungamana na sindano yake ya insulini, ambayo aghalabu hudungwa kila baada ya saa 12. Na mwenye ini lililolimbikiza shaba asipewe maini hata kidogo, kwa kuwa shaba nyingi imo humo, ingawa wengi hudhani kwamba ini huponywa kwa ini.

Taabu huzidi pale maradhi mawili yanapomkuta mbwa mmoja, jambo ambalo si nadra uzeeni. Mafuta ambayo mgonjwa wa figo aliyekonda huongezewa ili apate nguvu ndiyo yayo hayo yanayoweza kumwangusha ikiwa kongosho lake nalo ni bovu. Hapo upishi usitangulie shauri la daktari hata kwa siku moja.

6. Mfano wa kipimo

Nachukua mbwa wa kilo 20, mwenye maradhi ya figo ambayo hayajakithiri. Nguvu anazohitaji akiwa amelala tu hukadiriwa kwa kuzidisha uzito wake mara 30 na kuongeza 70, ambayo ni kilokalori 670. Na kwa mwendo mdogo wa mbwa mzee tutachukua kati ya 800 na 900 kwa siku. Wali mweupe uliopikwa gramu 400, nyama ya ng'ombe iliyopikwa, yenye mafuta ya kadiri, gramu 80, ute wa mayai 2 na mafuta ya kula kijiko 1 cha chakula hukaribia kiasi hicho, kukiwa na protini takriban gramu 40. Gamba la yai lililooshwa, likaokwa na kusagwa laini kama poda, hutoa kalisi takriban miligramu 380 katika kila gramu 1, na kwa chungu hiki gramu 2 au 2 na nusu hukaribia kutosha. Gamba hilo lina fadhila ya pili, kwamba halileti fosforasi ya kutajika, kinyume cha unga wa mifupa.

Nasisitiza kwamba huo ni msingi tu. Haujatimia mpaka utiwe mchanganyiko wa vitamini na madini, pamoja na mafuta ya samaki, kwa kipimo cha daktari. Na atakayeupika miezi mitatu kwa kutegemea karatasi hii peke yake atakuwa ameingia katika ile asilimia 95 niliyoitaja.

7. Sumu zilizomo jikoni mwetu

Jiko la Mswahili lina ladha zake, na baadhi ya ladha hizo ni sumu kwa mbwa. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na kwa hiyo hakuna mchuzi wetu wa kawaida unaofaa kumwagwa bakulini mwake. Zabibu zaweza kuua figo, na wataalamu wanaielekezea lawama asidi iitwayo tartariki. Asidi hiyo hiyo imo kwa wingi katika ukwaju, kwa hiyo ukwaju nao usimkaribie. Makadamia, ambazo hulimwa sana katika nyanda za juu za Kenya, humlegeza miguu ya nyuma. Na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali vyenye kutoboa matumbo.

Lakini sumu inayonitia hofu kupita zote ni sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu 125 Ukambani na sehemu za jirani nchini Kenya, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao hudhurika upesi kwa sumu hiyo. Ada yetu ni kwamba mahindi yaliyokataliwa na watu husagwa yakapikiwa mbwa ugali, na wapo wanaojituliza kwamba moto utausafisha. Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Unga usiofaa kwa mtoto wa nyumba haufai kwa mbwa, na haufai maradufu kwa mbwa mzee ambaye ini lake limekwisha kuchoka.

8. Taratibu za kulisha

Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, ili tumbo lizoee. Chakula kipimwe kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa kikombe hudanganya. Kipashwe moto kidogo, kwa sababu pua ya mzee imepungua ukali na harufu ndiyo imwitayo kula. Kilichopikwa kihifadhiwe katika jokofu, nacho kisipite siku 3. Mbwa apimwe uzito kila baada ya majuma mawili na hesabu iandikwe.

Uchunguzi wa damu na mkojo ufanywe mapema na urudiwe, kwa kuwa figo hustahimili kimya kimya: uwezo wa kuukoza mkojo hupotea baada ya thuluthi mbili ya kazi yake kwisha kuharibika, na taka huanza kuzidi damuni zikisha kupotea robo tatu hivi. Anayengoja mpaka mbwa akatae chakula amekwisha kuupoteza wakati ambao chakula kingemsaidia zaidi.

9. Mapendekezo

Kwanza, waganga wa mifugo katika wilaya zetu, wamwandikiapo mbwa mzee dawa, wamwandikie na chakula: aina, gramu na nyakati, kwa lugha ambayo mpishi wa nyumba ataifahamu. Pili, vyuo vyetu vya utabibu wa wanyama, kama vile Sokoine kule Morogoro na Kabete kule Nairobi, vitunge mapishi yaliyopimwa kwa vyakula vya masoko yetu, badala ya kutuacha tukinakili yale yaliyotungwa kwa masoko ya mbali. Tatu, kila afugaye mbwa aliyevuka miaka 7 ampeleke kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, kabla dalili hazijadhihiri. Nne, asiyemudu kupima na kukamilisha upishi wa nyumbani asione haya kutumia chakula cha tiba kilichotengenezwa kiwandani, pale kipatikanapo, kwa kuwa lengo letu ni siha ya mnyama.

Mbwa hawezi kuchagua chakula chake wala kueleza wapi panamuuma. Mambo yote mawili ametuachia sisi. Tukichukua jukumu hilo kwa elimu kama tunavyolichukua kwa mapenzi, siku zake zilizobaki zitakuwa nyepesi kwake.