Mbolea ya Mianzi Kabla ya Mvua



Vitabu vingi juu ya mianzi vimeandikwa ng'ambo, navyo huagiza mbolea itiwe majira ya baridi yanapokwisha. Sisi wa Musanda hatuna majira hayo. Saa yetu ni mvua ya Machi. Basi samadi na iwekwe mwishoni mwa Februari, ili mvua ya kwanza iipeleke mizizini kabla machipukizi hayajatokeza. Iwe imeoza barabara, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Itandazwe kukizunguka kichaka chote, wala isirundikwe juu ya mashina, maana machipukizi mapya hutokea pembeni.

Majani makavu yaliyoanguka msiyafagie wala msiyachome, ingawa najua tupendavyo kuona ua safi. Hayo hurudisha ardhini madini yaimarishayo mwanzi, tena huhifadhi unyevu.

Atumiaye mbolea ya dukani yenye naitrojeni atie kidogo tu, ardhi ikiwa imelowa. Lakini wenye mianzi ukingoni mwa Nzoia waiache kabisa: mvua kubwa huichukua hadi mtoni, na kuna watu wanaoteka maji huko. Machipukizi yakiisha kutokeza, ng'ombe wazuiwe hata yatakapokomaa.