Mgeni Anayejenga Pamoja Nasi



Tumeombwa tuseme juu ya wageni wanaotoka ng'ambo na kuja huku kwetu Kalenga kujenga nyumba za gharama nafuu zisizoharibu mazingira, huku wakila chakula chetu na kufurahia mila zetu. Baadhi yenu mmetuuliza jambo hili linahusianaje na haki. Mgeni amekuja, amejenga, amekula, ameondoka na baraka. Kuna kosa gani? Sisi tunaona kwamba lipo la kusema.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo wageni wanapotupenda upesi. Wanafundishwa kumega ugali, wanasifu majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, wanaomba togwa mara ya pili. Tulimwona kijana mmoja wa Ulaya akinywa ulanzi wa asubuhi, mtamu kama maji ya sukari. Jioni akarudi kuutafuta uleule, asijue kwamba ulanzi haumngojei mtu. Kesho yake alicheka mwenyewe, kichwa kilipopona. Hayo ni mazuri, na twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kuku anayechinjwa siku ya kumpokea mgeni hatoki mbinguni. Mara nyingi ni kuku wa mama mmoja, ambaye angeuzwa mnadani ili mtoto apate daftari. Mama hasemi, kwa sababu kusema ni aibu, na mgeni hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumfukuza, walimpa heshima ya kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji.

Sasa tuje kwenye nyumba. Watu wa Kalenga hatukuanza kujenga jana. Hapa ilisimama ngome ya Mtwa Mkwawa, yenye ukuta wa mawe na udongo, mpaka majeshi ya Wajerumani yalipoivamia tarehe 30 Oktoba 1894. Hata jina la Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Wazee wetu waliishi katika tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, iliyohifadhi joto katika baridi ya Juni na Julai. Baadaye tuliambiwa, nasi tukaambiana, kwamba nyumba ya udongo ni alama ya umaskini. Wakati wa kuhamia vijijini, kati ya mwaka 1973 na 1976, wengi waliyaacha makao yao ya zamani, na si wote waliohama kwa hiari. Tukafyatua matofali, tukayachoma, tukaezeka kwa bati. Ni nyumba imara, hatukatai. Ila tanuri hula kuni, na kila mmoja wenu anajua binti yake anatembea umbali gani siku hizi kutafuta mzigo mmoja.

Ndipo anapokuja mgeni na shahada yake na kuusifu udongo! Wazee hucheka, na wana haki ya kucheka. Hata hivyo mgeni huyo hakosei. Tofali la kufungamana hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo na saruji kidogo, wala halichomwi. Si jambo la kigeni pia: Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umeyaeneza matofali hayo katika nchi yetu.

Shida huja kwingine. Katika kigango kimoja kikundi fulani kilijenga nyumba ya mfano kwa majuma matatu. Vijana wetu walibeba maji na kuchekecha udongo. Hakuna aliyeonyeshwa kipimo cha saruji. Nyimbo ziliimbwa, picha zikapigwa, mashine ikapakiwa garini. Kabla masika hayajaisha, kuta zikapasuka. Mama mmoja mfinyanzi alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba udongo wa pale ni wa vyungu, una mnato mno, utajikunja ukikauka. Aliyasema hayo jikoni, akiwapikia. Wageni walikuwa wakimsifia maharage.

Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alionya kwamba watu hutambua upesi kama mtaalamu aliyetumwa kwao amekuja na upendo, au amekuja tu kutumia ufundi wake. Tunaongeza neno letu dogo: upendo huo huonekana pale mgeni anapomuuliza mpishi juu ya udongo. Nasi tuna kosa letu. Tulimwachia mama yule aseme jikoni, wakati ukumbini tulikuwa tunapiga makofi.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea kikundi kingine, Kamati itaandikiana nao. Mashine ibaki, au isije. Vijana wawili wa kila jumuiya wajifunze kazi yote, tangu kupima udongo hadi kuyamwagilia matofali siku zinazotakiwa, tena walipwe posho kama mafundi wengine. Nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuikarabati wageni wakishaondoka, tusiipokee hata ikiwa ya bure. Akina mama wanaopika walipwe kila siku, isipokuwa siku ya kwanza. Siku hiyo ni karamu yetu, nayo hatuiuzi.

Kikao cha kuandika makubaliano hayo kitakuwa Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili. Mama mfinyanzi ameahidi kuja na chupa ya kioo. Atatia udongo na maji, ataitikisa, kisha tutangoja sote tuone mchanga unaotangulia kutua chini ni kiasi gani, na udongo wa mfinyanzi unaobaki juu yake ni kiasi gani.