Bei ya Mchezo Haiishii Dukani

Leo tunazungumzia bidhaa ambayo wengi huiona kuwa ni jambo la watoto, ilhali wanaoilipia ni watu wazima: michezo ya video inayochezwa kwenye simu, kompyuta na mashine za sebuleni.

Zamani mchezo ulinunuliwa mara moja. Mnunuzi alilipa, akapewa kaseti au diski, akaenda nayo nyumbani. Hata kampuni ikifilisika kesho yake, mchezo uliendelea kuchezeka maadamu mashine ni nzima. Siku hizi michezo mingi imegeuka kuwa huduma. Kampuni huitoa bure au kwa bei, kisha huendelea kurekebisha kasoro, kuongeza mavazi na viwanja vipya, na kuendesha seva zinazowakutanisha wachezaji. Kazi hiyo ina gharama, nasi hatusemi kwamba kulipisha baada ya mauzo ni kosa. Zipo pia kampuni zinazotimiza ahadi bila nyongeza: No Man's Sky, mchezo uliotoka mwaka 2016 na kulalamikiwa sana na wanunuzi, uliboreshwa kwa miaka mingi bila wao kudaiwa tena. Tunachosisitiza ni kwamba mlaji anastahili kujua mambo mawili kabla ya kulipa: jumla ya gharama, na muda ambao alichokinunua kitadumu.

Tuanze na gharama. Ndani ya mchezo, vitu aghalabu haviuzwi kwa shilingi bali kwa sarafu za mchezo wenyewe, na sarafu hizo huuzwa kwa mafungu. Tuseme fungu moja lina sarafu 1,000, na vazi analolitamani mtoto ni sarafu 1,200. Italazimu kununua mafungu mawili, na sarafu 800 zitabaki zikisubiri ununuzi mwingine. Bei halisi imefichika, na salio limekuwa chambo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kinachojaa ni cha muuzaji.

Kuna pia visanduku vya bahati, ambavyo mchezaji huvilipia kabla ya kujua kilichomo. Mwezi Aprili 2018, tume inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya kulipia katika baadhi ya michezo mashuhuri vilikiuka sheria ya kamari. Januari 2019, kampuni ya EA ilisitisha kuuza sarafu za mchezo wake wa FIFA nchini humo.

Mzazi anapoona fedha zimekatwa, lawama ya kwanza humwangukia mtoto. Tunaomba tusiharakishe kuhukumu. Mwezi Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, mwenye mchezo wa Fortnite, imekubali kulipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja. Tume ilidai kuwa vitufe vilipangwa kwa namna ya kutatanisha, hata mchezaji aliweza kutozwa kwa kubonyeza mara moja tu, alipokuwa akitaka kutazama bidhaa au kuiamsha mashine iliyosinzia. Ilidai pia kwamba waliopinga makato kupitia kampuni za kadi zao walifungiwa akaunti. Huenda basi kosa halikuwa katika kidole cha mtoto, bali katika mahali kitufe kilipowekwa.

Jambo la pili ni muda. Desemba 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew. Mchezo huo ulihitaji mtandao wakati wote, hata kwa anayecheza peke yake. Desemba 2023 uliondolewa sokoni, na tarehe 31 Machi 2024 seva zake zikazimwa. Tangu siku hiyo, hata aliyekuwa na diski aliyoinunua kwa fedha yake hakuweza tena kuucheza. Alidhani amenunua mali. Kumbe alikuwa amepewa ruhusa ya kutumia. Jimbo la California, Marekani, sasa lina sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni tu, isipokuwa kama bidhaa hiyo inaweza kupakuliwa na kutumika daima bila mtandao.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tunashauri mjiulize maswali matatu. Je, mchezo huu unachezeka bila mtandao? Kama hauchezeki, lipeni mkijua kwamba siku moja utafungwa. Je, kitu hiki ni shilingi ngapi hasa? Badilisheni sarafu za mchezo kuwa fedha halisi, na mwandike jumla ya kila mwezi. Je, nani anaidhinisha malipo? Msiache kadi au akaunti ya fedha za simu ikiwa imeunganishwa na mchezo bila nywila, na nywila hiyo asiijue mtoto.

Makato yasiyoeleweka yakitokea, hifadhini ujumbe wa malipo na picha ya ukurasa mtoto alipobonyeza, andikeni tarehe, kisha mlalamike kwa muuzaji kwa maandishi. Msiporidhika na jibu, leteni vielelezo hivyo kwetu. Kiasi kisiwatie haya. Malalamiko ya shilingi chache kutoka kwa watu wengi ndiyo hutuonyesha mahali penye kasoro.

Mchezo ni haki ya mtoto na burudani ya mkubwa. Hatuwaombi mwuache. Tunawaomba muulize bei yake yote kabla ya kulipa, kwani kuuliza si ujinga.