Mwalimu wa Udereva na Dhamana ya Uhai

(Mazungumzo kwa walimu wa udereva, Busisi)



Tarehe 19 Juni, 2025 lilifunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Kabla ya siku hiyo, gari lililofuata njia ya Usagara kwenda Sengerema na Geita lilingoja kivuko. Dereva alipanga foleni, akateremka polepole, akasimama pale alipoelekezwa na mabaharia. Atake asitake, maji yalimfundisha subira. Leo gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa huivuka ghuba kwa muda usiozidi dakika nne.

Hayo ni maendeleo yanayostahili kushangiliwa. Lakini subira ile iliyokuwa ikilazimishwa na maji, sasa italetwa na nani? Daraja halina kinywa cha kumwambia kijana apunguze mwendo. Sauti atakayoisikia moyoni mwake ni ile aliyoachiwa na mwalimu wake.

Wakazi wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa hatari ya kumkabidhi usukani mtu asiyefunzwa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimepakia kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 walikufa. Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiyekuwa na mafunzo ya kutosha. Barabarani vifo huja kimojakimoja, wala bendera hazishushwi nusu mlingoti. Lakini mara nyingi chanzo ni kile kile.

Kwa hiyo basi, wajibu wa kwanza wa mwalimu wa udereva ni kusema kweli. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuacha leseni igawiwe kama pipi. Mwanafunzi hujifunza kwa leseni ya muda, gari lake hubeba alama ya L, kisha hutahiniwa. Mwalimu anayeandika daftarini saa ambazo hakufundisha, au anayempa cheti mtu aliyezunguka uwanjani mara tatu tu, hauzi karatasi. Anauza roho za watu. Watakaolipa bei hiyo ni mama anayeanika dagaa kando ya barabara, mtoto anayekwenda shule, na abiria wa basi ambao hawakuulizwa. Na mwalimu anayejifanya tarishi wa kupeleka bahasha kwa mtahini, huyo amekuwa mshirika kamili wa rushwa.

Wajibu wa pili ni heshima. Mwanafunzi anayetukanwa kila injini inapomzimikia hujifunza woga, na mwenye woga hukanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Tena, ndani ya gari la mafunzo mara nyingi huwamo watu wawili tu, milango imefungwa. Mwalimu anayeitumia nafasi hiyo kumshikashika mwanafunzi wa kike, au kumdai penzi ili amkamilishie masomo, hana udhuru wowote. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imekataza mwenye mamlaka kudai ngono kama malipo.

Wajibu wa tatu ni mfano. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Dereva anayeitazama simu kwa sekunde tatu amekwenda mita 66 akiwa kipofu. Mwalimu anaweza kuisema hesabu hii asubuhi. Lakini wanafunzi wakimwona jioni akiendesha huku simu i sikioni, ameyafuta yote aliyoyaandika ubaoni. Samaki mkunje angali mbichi, na anayemkunja ni mkono, si maneno.

Yapo malalamiko ya haki. Wako wenye shule wanaotaka wanafunzi wengi kwa siku chache, na wanaomlipa mwalimu kwa idadi ya vichwa. Wenye shule hao wanabeba sehemu ya lawama, na wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Hata hivyo, mshahara mdogo haumruhusu fundi kujenga nyumba itakayowaangukia wapangaji.

Lipo la kufanya tangu kesho. Kila mwanafunzi awe na daftari linalotiwa sahihi na wote wawili baada ya kila somo. Breki ya upande wa mwalimu ikaguliwe kila asubuhi kabla gari halijatoka. Mwanafunzi asiyeiva aambiwe hajaiva, hata kama amekwisha lipa ada yote. Na walimu waonyane wenyewe kwa wenyewe, wasingoje askari.

Zamani dereva alifika Busisi akapokewa na mabaharia waliomwonyesha pa kusimama. Sasa anafika akiwa peke yake na usukani wake. Kilichobaki kumwongoza ni mafunzo aliyopewa. Dhamana hiyo imo mikononi mwa walimu.